Taimingi ya Honda ya Baba: Sikio Lingoje Zamu Yake

Honda C70 ya marehemu baba ilikaa kwenye kibaraza cha nyumbani, Tanga, zaidi ya mwezi. Rangi ilishakauka, rimu zilishang'arishwa, na kila jirani aliyepita alisimama kuisifia. Ila ukiipiga kiki inakurudishia mguu. Si mara moja. Kisigino kilivimba, mama akaanza kuuliza kama kweli ile pikipiki bado ni ya baba au imeingiwa na kitu kingine.

Nieleze ilipoanzia. Wiki moja nyuma ilikuwa inawaka kwa shida na kutetemeka, nikamwita fundi wa mtaani, mtu mzima, mkono wake umeshika pikipiki tangu mimi sijazaliwa. Nikamwamkia, akaitikia, akainama kusikiliza. "Taimingi hiyo, mwanangu. Ya Honda hizi unaitega kwa sikio tu." Taimingi ni wakati cheche ya plagi inaporuka kuwasha petroli. Akachomoa kipande cha msumeno wa chuma mfukoni, akakipenyeza kwenye pointi, vile vichuma viwili ambavyo vikiachana cheche inaruka, kupitia dirisha la magneti, lile gurudumu la sumaku linalozalisha umeme, akakaza skrubu, akapiga kiki. Ikawaka, ikatulia, ikanguruma vizuri kabisa. Nikamlipa, tukaagana kwa furaha.

Simlaumu. Ninachogombana nacho ni ile imani yenyewe, kwamba sikio linaweza kutangulia. Sikio linasikia injini imetulia. Halijui imetulizwa na nini. Yangu ilikuwa inavuta hewa ya wizi pale kabureta inapofungwa, oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia, imekakamaa kama ganda la mua. Mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi kuliko petroli unaungua polepole, kwa hiyo ukiiwahisha cheche injini inafurahi, maana moto unapata muda wa kutosha. Fundi akaiwahisha bila kujua anaficha ugonjwa wa kabureta. Mimi nilipokuja kubadilisha ile oringi, mchanganyiko ukarudi sawa, na cheche ikabaki inaruka mapema mno. Ndipo kiki ikaanza kunipiga mateke, na ukipanda kilima injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo.

C50 na C70 zina jambo moja ambalo wengi wanalisahau. Sahani ya koili chini ya magneti haizungushwi kulia na kushoto kutafuta taimingi kama kwenye pikipiki nyingine. Imekaa mahali pake. Kinachobaki kurekebishwa ni uwazi wa pointi, basi uwazi ndio taimingi yenyewe. Ukiuongeza, pointi zinafunguka mapema na cheche inawahi. Ukiupunguza, inachelewa. Kiwanda kinataka milimita 0.3 hadi 0.4. Kipande cha msumeno kina kama 0.6. Kwa plagi kingefaa sana, na nadhani ndiko tabia hiyo ilikotoka, lakini kwenye pointi ni karibu maradufu. Tena kwa magneti cheche yenyewe inadhoofika, kwa sababu pointi zinatakiwa zifunguke wakati umeme wa koili umepanda kileleni, si kabla.

Sikuwa na fila geji, vile vibati vya kupimia uwazi. Nilitumia nyembe. Wembe wa kawaida wa kunyolea ndevu una unene wa milimita 0.1, kwa hiyo nyembe tatu zikipita na nne zikakaza, uko ndani ya kipimo. (Zifute mafuta kwanza. Na angalia vidole.)

Baada ya hapo ndipo unakwenda kwenye alama, na hapa nilipoteza mchana mzima wa Jumamosi. Kwenye magneti kuna T, pistoni ikiwa juu kabisa, na F, mahali cheche inapotakiwa kuruka. Unatoa plagi ili injini izunguke kiurahisi, unaizungusha magneti kwa mkono kinyume cha saa, na F ikikutana na alama ya kwenye injini, pointi ziwe ndiyo kwanza zinaanza kuachana. Nikachukua mita ya umeme, nikaiweka kwenye mlio, ilie umeme ukipita, nikazungusha. Ikalia. Nikazungusha tena. Ikalia. Pointi zimefunga inalia, zimefunguka inalia. Nikaanza kuilaani kondensa, kile kikopo kinachozilinda pointi zisiungue. Kumbe koili ya ndani imeungwa sambamba na pointi na ukinzani wake ni mdogo sana, mita haioni tofauti. Nikachukua betri ya volti 6 na balbu ya breki: pointi zikifunga balbu inawaka sana, zikifunguka inafifia kidogo. Tofauti yenyewe ndogo, nikasubiri kibaraza kiwe na giza. Anayekosa balbu atumie karatasi ya kusokotea sigara. Ibanwe kati ya pointi, uivute taratibu huku unazungusha. Inapoachia, hapo ndipo zinapofunguka.

F yenyewe nusura nisiione. Kijana aliyenisaidia kupiga rangi alikuwa na bidii kupita kiasi, akaifunika na magneti pia. Nyie mnaofufua pikipiki za zamani kwa ajili ya picha, hilo mlifikirie kabla ya kushika kopo la rangi.

Yupo atakayesema nitupe pointi zote, niweke mfumo wa elektroniki wa volti 12, nipumzike. Sawa, kwa bodaboda anayetafuta riziki ningemshauri hivyo hivyo. Hii haitafuti riziki. Isitoshe, pointi zinaharibika polepole na hadharani: kile kisigino cha pointi kinachosugua kemu, chuma kinachozifungua, kinalika, uwazi unapungua, cheche inachelewa, na wewe unahisi pikipiki inazidi kuwa nzito kilimani miezi kadhaa kabla haijakugomea. Ile boksi ya elektroniki ikifa, imekufa barabarani.

Yule mzee ana haki yake mahali pamoja. Kuna injini zilizounganishwa kwa vipande vya pikipiki tatu, magneti ya huku, krenki ya kule, au kile kichuma cha nusu mwezi kinachoishika magneti kimekatika kidogo na magneti imehama. Hapo F inakudanganya, na sikio lake ni bora kuliko alama. Lakini hilo nililikagua kwanza. Niliing'oa magneti kwa pula, kile kifaa cha kuvutia, si kwa nyundo, na kichuma kilikuwa kizima.

Alipita tena jana jioni. Nikamwomba aipige kiki yeye. Ikawaka kwa kiki ya pili, akainama vilevile, akakaa kimya muda mrefu. "Umeichelewesha kidogo," akasema. Nikamwonyesha nyembe. Akazihesabu, akanirudishia, akaomba mzunguko mmoja hadi Raskazone.