Yerusalemu ya Matera: uhaba wa fedha haujibu kila kitu

Mwaka 1963 Pier Paolo Pasolini, mwongozaji wa filamu kutoka Italia, alikwenda Palestina kutafuta mahali pa kupigia filamu ya Injili ya Mathayo. Hakupapata. Nchi ilikuwa imeshakuwa ya kisasa mno, na fedha za kujenga Yerusalemu ya mbao na plasta hakuwa nazo. Akarudi kwao, akaipiga kusini mwa Italia kwa picha nyeusi na nyeupe. Mji wa Matera, wenye nyumba zilizochongwa mwambani, ambazo kwa sheria ya 1952 wakazi walianza kuhamishwa, ukasimama badala ya Yerusalemu. Mwaka huohuo wa safari yake, Hollywood ilitoa Cleopatra, iliyomeza zaidi ya dola milioni 30.

Filamu ya Pasolini ilitoka 1964, na bado watu wanaibishania. Kwa maoni yangu, wanaoisifu na wanaoiponda wote hujikwaa mahali pamoja: kila wanachokiona ndani yake hukipachika kwenye bajeti.

Wanaoiponda wana ushahidi. Ngome zinazoonekana humo ni za zama za kati, zilijengwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya Herode. Mavazi yaliyobuniwa na Danilo Donati yamefuata michoro ya Piero della Francesca, wa karne ya 15. Yesu ni Enrique Irazoqui, mwanafunzi wa uchumi kutoka Hispania, kijana wa miaka 19 asiye mwigizaji, na hata sauti si yake: amewekewa ya Enrico Maria Salerno. Anayetaka kuijua Galilaya ya karne ya kwanza atatoka humu akiwa na sura za wakulima wa Italia.

Nayakubali yote hayo. Lakini tazama inavyoanza. Uso wa Mariamu, msichana mdogo, kimya. Uso wa Yosefu, kimya. Kisha tunamwona Mariamu mzima, na tumbo lake. Yosefu anageuka, anakwenda zake. Halijasemwa neno hata moja, na tayari tumeshaielewa aibu na hofu ya watu wawili katika kijiji ambamo hakifichiki kitu. Seti ya mamilioni ingeongeza nini hapo?

Au hukumu mbele ya Pilato. Tunaitazama tukiwa nyuma ya umati, vichwa vya watu vinatuziba, kamera imeshikwa mkononi na inayumba. Mtu wa kawaida siku ile angeona hivyohivyo, kwa kuchungulia. Na pale msalabani, Mariamu aliyezeeka ni Susanna, mama mzazi wa Pasolini, aliyefiwa na mwanawe Guido wakati wa vita, mwaka 1945. Kilio kile sidhani kama kuna fedha ingekinunua.

Wanaohesabu makosa ya kihistoria mara nyingi huuruka muziki. Jiwe la kaburi linapoanguka, zinalipuka sauti na ngoma za Gloria, wimbo wa utukufu wa Missa Luba, misa ya Kikongo iliyorekodiwa na kwaya ya Kamina, kule Katanga. Maneno ni ya Kilatini, mdundo ni wa Kongo. Ukipima kwa tarehe, ni kosa kubwa kuliko ngome zote. Mimi kila nikiisikia mwili unanisisimka, kwa sababu furaha ile inatoka kwa watu walioipokea Injili wakaiimba kwa namna yao.

Kwa hiyo kuchanganya nyakati hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kofia. Mafarisayo na makuhani wamevikwa kofia ndefu za ajabu, huku Yesu na wanafunzi wake wakionekana kama wanakijiji tu. Mtazamaji asiyejua mambo ataona Wayahudi ni wale wenye kofia, na Yesu ni mtu wa upande mwingine. Petro alikuwa Myahudi. Mariamu alikuwa Myahudi. Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi, akibishana na Wayahudi wenzake juu ya Torati yao. Filamu iliyotengenezwa Italia miaka kama 20 tu baada ya Wayahudi wa Roma kukamatwa na kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, ilipaswa kuliona hilo. Utetezi wa ufukara hapa haufiki: kofia zile zilibuniwa, zikashonwa, zikavalishwa kwa makusudi. Kuziacha kungegharimu kidogo kuliko kuzishona.