Chupa moja, watu sita: waini inatuunganisha au tunajishaua tu?

Kuna utani umezagaa siku hizi, kwamba ukiona mtu ananusa waini kabla hajanywa ujue keshakuwa wa kishua, hata ugali wa kwao hautambui tena. Na mimi nimeucheka sana huo utani, mpaka siku niliyokaa kwenye meza moja Dodoma.

Tulikuwa sita, watano wanywaji na mama mmoja mlokole ambaye yeye alikuja na soda yake. Mwenyeji akafungua chupa ya nyekundu, zabibu za Makutupora, akamimina kisha akauliza tu, haya inanukia nini? Kimya. Kila mtu anaogopa kuonekana mshamba. Yule mama akavuta glasi ya jirani, akainusa, akairudisha, "mbona huu ni ubuyu?" Basi hapo pakachangamka, huyu anasema ukwaju, yule zambarau zilizoiva mpaka zikapasuka, mwingine anasema inavyokausha ulimi ni chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na kweli kapatia kabisa maana kinachokausha ulimi kwenye majani ya chai kimo pia kwenye maganda ya zabibu. Kutoka kwenye zambarau tukaingia kwenye mti wa zambarau wa shuleni kwao, nani alidondoka, nani alichapwa, masaa mawili yakakata na chupa bado ina kitu.

Hiyo chupa ndo inanifikirisha. Bia kila mtu na yake, kuna raundi, kuna kuangaliana nani hajatoa, ukichelewa unaambiwa unatuangusha. Waini ni mililita 750, imewekwa katikati, lazima mmiminiane na lazima umwangalie mwenzako kabakiwa na nini. Sasa nani kasema hayo ni ya Wazungu? Mbege Uchagani kata inapita mkono kwa mkono, ulanzi Iringa watu wanakaa kwa pamoja. Kilichotutenganisha ni kila mtu kushika chupa yake. Na zabibu zenyewe, sawa, mbegu walileta wamisionari huko Bihawana, Dodoma, miaka ya 1950, lakini anayekata matawi kwenye jua la Ugogo na kuvuna mara mbili kwa mwaka ni Mtanzania, halafu tunasikia zabibu zinaozea shambani kwa kukosa soko huku mjini mtu akitaka kumheshimu mgeni ananunua ya nje, kwa sababu hajui ya kwetu ikoje, kaishia kwenye dompo, ile waini tamu ya Dodoma, basi.

Wanaopinga wana hoja nzito pia, sibishi. Pombe ni pombe. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Nimepiga hesabu mwenyewe: ile chupa ya asilimia 12 kwa watu watano ni mililita 150 kila mmoja, yaani mililita 18 za kilevi chenyewe, wakati bia ya nusu lita ya asilimia 5 ni 25. Inapendeza eeh? Ila chukua chupa hiyohiyo umpe mtu mmoja peke yake kwenye kochi usiku, ni mililita 90, bia tatu na nusu na zaidi, na wapo wanaofanya hivyo kila siku wakisema ni "glasi tu ya kulalia". Kwa hiyo ninayoitetea mimi ni ile meza, kinywaji chenyewe kikikosa watu sina cha kukisemea.

Na meza yenyewe haimbebi kila mtu. Mlokole wetu alikaa, lakini rafiki yangu Muislamu mwenye msimamo hata kukaa penye pombe kwake haiwezekani, na huyo namthamini kuliko chupa yoyote, tukionana ni kahawa na kashata. Kuna na wale wa kukariri majina ya mashamba ya Ufaransa ili wenzao wajione wadogo, hao utani unawastahili.

Tulivyoondoka yule mama aliomba chupa tupu. Alisema kizibo chake kizuri, atatilia mafuta ya alizeti.