Yusufzai si wana wa Nabii Yusuf, tuachane na hilo

Kila Malala Yousafzai akitajwa kwenye habari, klipu zinaanza kuzunguka WhatsApp: Yusufzai, kabila lake la Kipashtuni kaskazini mwa Pakistani, ni wana wa Yusuf, kwa hiyo ni kabila la Bani Israili lililopotea. Muziki wa huzuni, mshale mwekundu kutoka Kanani mpaka bonde la Swat, na sauti ya mtu anayelitamka neno Pashtuni kwa namna tatu tofauti. Inachosha.

Tuifungue basi hiyo shajara, kitabu cha nasaba, wanayoitaja bila kuisoma. Aliyeiandika ni Nimatullah wa Herat, mwaka 1613, zama za Jahangir, mfalme wa Wamughali wa India, akifadhiliwa na Khan Jahan Lodi, mkuu wa Kipashtuni aliyekuwa na kila sababu ya kutaka nasaba ya watu wake ing'ae mbele ya Wamughali. Humo Wapashtuni wote wanashuka kutoka kwa Qais Abdur Rashid, na Qais anapandishwa mpaka kwa Mfalme Talut. Talut, yaani Sauli, Biblia yenyewe inamweka katika Benyamini. Si Yusuf! Hata ngano wanayoiegemea inawakana.

Yusuf wa Yusufzai ni mtu wa chini zaidi huko. Qais alimzaa Sarban, Sarban akamzaa Kharshbun, Kharshbun Kand, Kand Khashi, Khashi Mand, na Mand ndiye baba wa Yusuf. Vizazi sita. Kipe kila kizazi miaka 30, unapata 180 kutoka zama za Mtume, ambako ngano inamweka Qais, basi Yusuf aliishi karne ya 9. Kabila lake linajitokeza kwenye historia ya Kabul karne ya 15. Hiyo miaka 600 imeliwa na nani? Na Kipashto ni katika lugha za Kiirani za mashariki, hakina udugu na Kiebrania. Imetosha.

Nakubali, shingo upande, kwamba shajara si takataka. Kazi yake ni kuonyesha nani ana haki ya ardhi na nani anasimama upande wa nani ugomvi ukizuka. Milango mikuu ni miwili: uzao wa Yusuf, na uzao wa Mandanr, mwana wa nduguye Umar. Mandanr wameshika tambarare za Mardan na Swabi, wa Yusuf wamepanda milimani: Akozai Swat na sehemu kubwa ya Dir, Iliaszai Buner, Isazai upande wa Tor Ghar.

Huko hawakuzaliwa, walifika. Ulugh Beg, mtawala wa Kabul, aliwaua wakuu wao, Malik Ahmad akawaongoza waliobaki hadi bonde la Peshawar, wakawapokonya Wadilazak ardhi, kisha Waswati. Kuipata ardhi ilikuwa kazi ya upanga. Kuigawa akapewa mtu wa dini, Sheikh Mali, na hapa ndipo klipu zote zinapolala usingizi.

Mfumo uliitwa wesh. Mwanamume mwenye fungu, daftar, ndiye mwenye sauti kwenye jirga, baraza lao, asiye nalo ni mpangaji tu. Lakini fungu halikuwa shamba fulani, lilikuwa kipimo cha haki. Kila baada ya muda, miaka 5 kwingine, 10 au zaidi kwingine, kura inapigwa upya, na vijiji vizima vinahama na mifugo na vyombo, ili aliyeangukia mawe safari hii aangukie maji safari ijayo. Haki tupu, na hasara yake iko wazi: nani atapanda mti wa matunda au kujenga nyumba ya maana mahali atakapomwachia binamu?

Ardhi ya mawalii, masharifu na masheikh, iliyoitwa seri, iliwekwa nje ya wesh. Haikuzunguka. Tena mara nyingi ilikatwa mpakani, katikati ya milango miwili inayochukiana, ili anayetaka kumvamia mwenzake apite kwanza kwenye uwanja wa mtu wa Mungu. Sasa piga hesabu. Khan, mkuu mwenye ardhi, anahama kila kura ikipigwa, walii habanduki. Vizazi vikipita, anayekumbuka mipaka, anayepatanisha damu, mwenye kaburi linalozuruwa, ni yuleyule. Karama sizikatai. Nasema tu hesabu peke yake ingetosha.

Mfano ni Pir Baba, Sayyid Ali Tirmizi, aliyefariki 1583 na kuzikwa Buner. Si Yusufzai kwa damu, na hakuna kaburi linaloheshimiwa kuliko lake katika nchi yao. Mwanafunzi wake Akhund Darweza alitumia maisha yake kumpiga vita Bayazid Ansari, ambaye wafuasi walimwita Pir Roshan, pir (sheikh wa kisufi) wa nuru, naye Akhund akamgeuza Pir Tarik, pir wa giza. Ugomvi mkali, lakini wa masufi kwa masufi. Kwa hiyo Taliban walipolifunga kaburi la Pir Baba Aprili 2009 wakidai wanairudisha dini ya asili, asili ya wapi? Na kiongozi wao wa Swat, Fazlullah, alikuwa Yusufzai kama Malala. Damu hiyohiyo. Wapenda nasaba wanifafanulie hilo.

Kisha Saidu Baba, Abdul Ghafur, mtoto wa wafugaji wa kabila la Safi. Alikuwa Qadiri, tarika ileile inayosomewa dhikri Bagamoyo na Zanzibar. Mwaka 1863, Waingereza walipoingia njia ya Ambela, neno lake liliwatoa milimani watu ambao khan yeyote angewaomba mpaka sauti ikauke. Mjukuu wake, Miangul Abdul Wadud, akawa mtawala wa Swat kuanzia 1917, na miaka ya 1920 akaufuta wesh: kila mtu abaki alipo. Makhan wenye daftar, wajuzi wa shajara mpaka kwa Qais, wakatawaliwa na ukoo usio na hata tawi moja kwenye mti wa Yusufzai, mpaka dola hiyo ilipoingizwa rasmi Pakistani mwaka 1969.