Bendi bapa za grafini zisihukumiwe kwa baridi yake pekee

Miongoni mwa walimu wa fizikia hapa Mbeya husikika hoja kwamba umeme unaopita bila ukinzani katika tabaka mbili za grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja) zilizolazwa kwa kupishana pembe kidogo, kwenye kelvini 1.7, yaani karibu nyuzi 271 chini ya sifuri, hautamfaa mtu yeyote wa Rungwe wala Makete, na hivyo kijana mwenye kipaji aelekezwe kwingine. Hoja hiyo ina ukweli wake. Pembe kati ya tabaka mbili za grafini huyumba hata ndani ya sampuli moja, na kosa la sehemu ya kumi ya digrii laweza kuifuta tabia inayotafutwa.

Hata hivyo, uzito wa ugunduzi uliotangazwa mwaka 2018 na Pablo Jarillo-Herrero na wenzake wa chuo cha MIT cha Marekani haukuwa kwenye halijoto hiyo. Mwaka 2011 wanafizikia Bistritzer na MacDonald walikuwa wamekokotoa kwamba tabaka hizo zikipishana kwa digrii 1.1 hivi, kasi ya elektroni hushuka karibu na sifuri (ndipo bendi, yaani safu ya nishati za elektroni, huitwa bapa), na msukumano baina yao ndio unaotawala. Kupishana huko huzaa ruwaza kubwa, kama ya vyandarua viwili vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, inayojirudia kila nanomita 13 takriban, ilhali ya grafini yenyewe hujirudia kila nanomita 0.246. Hapo ndipo penye utajiri wote. Eneo la ruwaza moja likikua zaidi ya mara 2,000, kuongeza elektroni moja kwa kila eneo hakuhitaji tena kemia, bali volti kwenye elektrodi iliyo chini ya sampuli. Kwa fuwele za oksidi ya shaba, ambazo nazo huweza kupitisha umeme bila ukinzani, kubadili wingi wa elektroni kwa kawaida kulidai kutengeneza fuwele nyingine. Hapa mtafiti hubadili volti tu, na kipande kilekile kilichokuwa kihami kikaanza kupitisha umeme bila ukinzani.

Udhaifu wa pembe nao si wa kila mahali, kwani katika tungsteni diselenaidi, mada nyingine ya tabaka nyembamba, bendi huwa bapa kwa pembe nyingi zaidi.

Kuhusu vijana wetu, ni kweli kwamba maabara yenye heli ya kimiminika ni ghali mno. Lakini hesabu ile ya mwaka 2011 huendeshwa kwenye kompyuta mpakato ya kawaida: mwanafunzi akiipunguza pembe kidogo kidogo, huiona bendi ikilala karibu na digrii 1.1. Sioni sababu ya kumwambia kwamba uwanja huo haumhusu.