Hata Sare Hakuna

Sisi tuliokulia kwenye mpira wa miguu tunaidharau sare mpaka siku tuikose. Timu ikiyumba, inakwenda ugenini, inapaki basi, inaambulia pointi moja, mashabiki wanapumua. Besiboli ya Marekani haina huruma hiyo. Raundi ya tisa ikiisha mko sawa, mnaongezewa ya kumi, ya kumi na moja, mpaka mmoja alie. Mimi ni shabiki wa Chicago White Sox, timu ya besiboli ya mji ninaoishi huku Marekani, na mwaka 2024 waliolia ni sisi.

Kuanzia Julai 10 hadi Agosti 5 tulipoteza mechi 21 mfululizo. Katikati hapo ligi ilikuwa na mapumziko mafupi, na ndizo siku pekee nilizolala usingizi wa maana. Na haikuwa mara ya kwanza mwaka huo: kati ya Mei na Juni tulishapigwa 14 mfululizo, nikajifariji kwamba sasa tumegusa chini. Kumbe chini nako kulikuwa na shimo.

Ndugu zangu wa Dar wananicheka. Wanasema, si uache tu? Hawajui kinachouma. Shabiki wa Simba au Yanga akifungwa Jumamosi ana siku kadhaa za kupika visingizio: refa, uwanja mbovu, ndumba, viongozi wamekula hela. Mechi ijayo ikifika, kidonda kimeanza kukauka. Huku tunacheza mechi 162 ndani ya miezi sita, yaani karibu kila siku. Kisingizio cha jana bado kiko jikoni, kipigo cha leo kinabisha hodi. Ilifika mahali mke wangu akawa haulizi tena matokeo, anauliza: "Baba Zuhura, wamekwisha kufungwa, nipakue chakula?"

Mechi ya 21 tulifungwa kule Oakland, ambako saa ziko nyuma ya zetu za Chicago kwa mbili, kwa hiyo hata kuaibika kwenyewe kulitaka ukeshe. Kesho yake, palepale, tukashinda 5–1. Nilishangilia peke yangu sebuleni kama mwendawazimu. Siku mbili baadaye kocha Pedro Grifol akafukuzwa. Afungwe mara 21 abaki, ashinde mara moja aondoke! Kufukuzwa alistahili, lakini mpangilio huo ulinichekesha siku nzima.

Kocha lakini ni ngozi tu. Ugonjwa wenyewe uko ndani, na maoni yangu ni haya: ligi isiyo na kushuka daraja inamlea mwenye timu. Nyumbani, timu ikicheza hivyo inakwenda zake daraja la chini, na tajiri anayeimiliki anapata hasara inayomwamsha usingizini. Jerry Reinsdorf ameshika White Sox tangu 1981. Afungwe 80, afungwe 120, msimu ujao ratiba inampa mechi 162 zilezile na wageni walewale wakubwa. Aibu yote anabeba shabiki.

Watetezi husema anayefungwa sana huingia kwenye bahati nasibu ya nafasi za mwanzo za kuchagua vijana wapya. Sawa, ila kanuni mpya hairuhusu timu ya soko kubwa kama yetu kupata nafasi hizo za bahati nasibu miaka miwili mfululizo. Kwa hiyo timu mbovu kuliko zote ikasukumwa hadi nafasi ya kumi kwa mwaka 2025. Hata kufungwa hatukujua kufungwa kwa faida.

Mtaniuliza niliingiaje. Nilifika Chicago Oktoba 2005, wiki ambayo White Sox waliwafagia Houston Astros mechi nne kwa sifuri na kuchukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1917. Upande wa kusini wa mji watu walikuwa wanakumbatiana barabarani na mimi mgeni nikakumbatiwa. Nikadhani ndivyo mambo yalivyo huku kila mwaka.

Mwishoni mwa Septemba 2024 tulikuwa tumefungwa mechi 120, sawa na New York Mets wa 1962. Moja tu, na tungekuwa na rekodi mbaya kuliko timu yoyote ya zama hizi. Zilibaki mechi tatu nyumbani dhidi ya Los Angeles Angels. Watu walikuja kuishuhudia, wakaimba kumtaka mwenye timu aiuze. Nami nilikwenda, sifichi: kama jumba linaungua, nilitaka niwepo likianguka. White Sox wakashinda ya kwanza. Wakashinda ya pili. Ya tatu, 7–0. Wakaja kufungwa ile ya 121 kesho yake huko Detroit, mbele ya watu wengine, usiku ambao wenyeji walikuwa wanasherehekea kufuzu.

Siku ile ya 7–0 nilirudi nyumbani nimenuna. Mama Zuhura akaniuliza, "Wamefungwa tena?" Nikamwambia wameshinda. Akanitazama usoni, akaenda kupakua.