Mjomba, Usingizini Tena

Ukoo ulipoamua kuwa na ukurasa wake kwenye intaneti, macho yote yalinigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyewahi kumtengenezea Shangazi printa. (Printa yenyewe ilikuwa haijachomekwa kwenye umeme, lakini sifa ni sifa.) Nikapewa picha za watu wote, nikafungua Notepad, programu ya kuandikia iliyomo kwenye Windows, kazi ikaanza.

Wa kwanza alikuwa Mjomba. Nikaandika tagi ya img, yaani amri ya kuweka picha kwenye ukurasa, nikaielekeza kwenye picha yake, nikafungua kivinjari, programu ya kutazamia kurasa za intaneti. Skrini nzima ikajaa tundu la pua. Simu za siku hizi hupiga picha yenye upana wa pikseli 4000, na kivinjari usipokipa kipimo kinaimwaga yote bila haya. Nikaweka upana 300 na kimo 300. Mjomba akaenea, ila mwembamba, uso umerefuka, kama mtu aliyetoka kulazwa. Nikafuta kimo, kivinjari kikakokotoa chenyewe, kitambi kikarudi mahali pake.

Kumweka katikati ndiko kulikonitoa jasho. Nikaandika align="center". Mjomba hakusogea hata pikseli moja. Alibaki kushoto vilevile, ila mstari wa kwanza wa wasifu wake ukapanda ukasimama usawa wa kifungo cha shati. Kumbe picha ikiambiwa hivyo, kivinjari huelewa katikati ya juu na chini, si ya kushoto na kulia. Isitoshe, tangu HTML5, toleo la tano la lugha ya kuandikia kurasa, align ni mstaafu, kazi imekabidhiwa CSS, lugha ya kupamba kurasa. Haya, CSS. Nikaandika float: center, yaani picha ielee katikati. Hakuna kitu kama hicho! Kuelea kushoto kupo, kulia kupo, katikati wametunyima. Anayetaka katikati aandike display: block na margin: auto, maneno ambayo hayafanani hata kidogo na "katikati".

Nikaona isiwe taabu, kila mtu aelee kushoto na maandishi yamzunguke. Wasifu wa Mjomba ulikuwa mistari miwili tu, maana mwenyewe hapendi habari zake zijulikane, kwa hiyo kichwa cha habari cha Shangazi kikapanda kujaza nafasi iliyobaki. Pembeni ya mwanamume mwenye masharubu pakasomeka: "Mama wa watoto watano, mshonaji hodari, mrembo wa ukoo." Nikaweka clear: both, amri ya kuanzia chini ya picha, kwenye kila kichwa cha habari, wakatengana kwa amani.

Sasa, alt. Picha zilikuja na majina ya kamera, IMG_0417, IMG_0418, nani ni nani hujui. Alt ni maneno yanayotokea pale picha inapokataa kufunguka, na zangu zote zilikuwa zinafunguka, basi nikayafanya daftari langu la siri. Mjomba: "usingizini tena." Shangazi: "picha mbaya, tafuta nyingine." Binamu: "huyu ananidai, iwe ndogo."

Nikaupandisha ukurasa kwenye seva, kompyuta inayowagawia watu kurasa za intaneti, nikatuma kiungo kwenye kundi la ukoo, nikaenda kulala. Asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Eti picha mbaya ndiyo mimi?"

Nikakimbilia kompyuta. Picha zote zipo, zinang'aa.

"Shangazi, mbona mimi naziona?"

"Wewe unaona picha. Sisi tunaona maoni yako."

Njia niliyoandika kwenye src, sehemu ya tagi inayosema picha iko wapi, ilianza na C:, yaani diski ya kompyuta yangu, nami muda wote nilikuwa nafungua faili la humohumo. Kwa hiyo duniani kote mtazamaji wa picha zile alikuwa mmoja. Wengine walipata visanduku vilivyopasuka, na pembeni ya kila kisanduku, siri yangu.

Nikazipa picha majina ya wenyewe, nikazipakia kwenye folda kando ya ukurasa, nikaandika njia fupi: picha/shangazi.jpg. Wakajitokeza wote isipokuwa mmoja. Faili liliitwa Mjomba.JPG, mimi nimeandika mjomba.jpg, Windows haijali herufi kubwa, seva ya Linux inajali sana. Basi mchana kutwa, katikati ya nyuso zinazotabasamu, pakawa na nafasi moja tupu iliyoandikwa "usingizini tena". Nikampigia nimwombe radhi. Nikaambiwa amelala.

Jioni picha yake ikafunguka, nikashusha pumzi. Nilimsahau Babu. Babu haoni, simu yake humsomea skrini kwa sauti, na programu hiyo husoma alt hata picha ikiwa imefunguka vizuri, kwani maneno hayo yamewekwa hasa kwa ajili ya watu kama yeye. Aliifungulia sauti ya juu sebuleni, Binamu akiwa ameketi hapohapo. Binamu alikata simu baada ya kuniuliza swali moja tu: lini?

Usiku nikayasafisha yote. "Picha ya Mjomba." "Picha ya Shangazi." "Picha ya Binamu." Haikupita hata saa, Babu huyo kwenye simu, kakasirika.

"Nani kaharibu ukurasa? Mchana nilikuwa nawaona watu. Sasa naambiwa picha ya fulani, picha ya fulani. Huyo mjomba wako kwenye picha amelala au yu macho?"

"Amelala, Babu."

"Si uandike!"