Bonsai ya kwanza isitoke dukani

Mti wangu wa kwanza wa bonsai, yaani mti unaofanywa mdogo kwa kupogolewa na kukuzwa kijunguni, ulikufa Februari, mimi nikapata habari Aprili. Muda wote huo nilikuwa nanywesha maiti. Ulikuwa junipa, jamaa ya mtarakwa wetu wa milimani, na junipa hufa kwa siri: mizizi inaoza, mti umeshaondoka, lakini majani yanabaki kijani wiki baada ya wiki kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukija kuona rangi ya kutu kwenye ncha, umechelewa mno.

Niliununua kwenye duka la maua ndani ya jumba moja la maduka, shilingi 4,500, ndani ya kijungu cha buluu kinachong'aa, kokoto nyeupe zimebandikwa kwa gundi juu ya udongo ili zisimwagike. Dada wa dukani aliniambia ni mti wa ndani ya nyumba, hautaki jua. Nikauweka kando ya televisheni. Nilipoupindua niutupe ndipo nikaona kijungu hakina tundu hata moja. Maji niliyomimina tangu Krismasi yalikuwa bado yamo humo, na harufu yake acha tu.

Nasimulia haya kwa sababu kila anayeniuliza aanze na mti gani huwa ameshauona ule ule wa dukani, na ameshaupenda. Jibu langu ni moja na huwa haliwafurahishi: usinunue bonsai. Nunua mugumo, yaani mtini mwitu, mnene wenye sura mbaya kwa muuza miche wa kando ya barabara, halafu uufanye bonsai mwenyewe.

Maana bonsai si aina ya mti. Neno ni la Kijapani, lina maana ya kupanda kwenye sinia, na sanaa yenyewe Wajapani waliipokea kutoka China. Mti wowote wenye shina la mbao unaovumilia kupogolewa waweza kuwa bonsai. Ndiyo sababu zile pakiti za "mbegu za bonsai" za mtandaoni hunichekesha. Ukizipanda shambani utapata mti mkubwa wa kawaida, wa kupasuliwa mbao.

Tatizo la pili ni kwamba vitabu na video karibu zote za bonsai zimetengenezwa na watu wenye majira manne. Wanaisifu mepo (maple) ya Kijapani, nawe unaitamani, lakini mepo inahitaji miezi ya baridi kali ili ilale na kupumzika. Sisi wa Nairobi tuko mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, Julai tunavaa majaketi na kulalamika, ila usiku wetu wa Julai huwa nyuzi 10 hivi, na mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Mti wa namna hiyo haupati dalili yoyote ya kuuambia lala sasa. Unachoka mwaka hadi mwaka, kama mtu wa zamu ya usiku asiyepewa likizo.

Hata ushauri wa dirisha ni wa kwao. "Weka kwenye dirisha linalotazama kusini," wanasema, kwa sababu jua la Ulaya liko kusini siku zote. La kwetu huhama. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Baraza yangu inatazama kaskazini, kwa hiyo Desemba, wakati jiji lote linaungua, miti yangu imo kivulini. Nilimwomba keateka ruhusa nikaipandisha juu kwenye paa, penye kamba za nguo. Tumeelewana: mimi namwagilia asubuhi kabla mashuka hayajaanikwa.

Sasa mugumo. Ndege hula tunda lake, kisha huiacha mbegu popote: ufa wa ukuta, mfereji wa paa, panda ya mti mwingine. Mche huota pale pasipo udongo na kuteremsha mizizi taratibu kuitafuta ardhi. Ukitembea katikati ya jiji, inua macho utazame majengo ya zamani. Kuna vimche vya jamii hiyo ghorofa ya tatu, hakuna anayevinywesha, na vimenawiri kuliko maua ya ofisini chini yake. Kwa mti uliozaliwa kwenye ufa wa saruji, beseni lako ni shamba.

Ndugu yao mkubwa yuko Waiyaki Way, pale Westlands. Novemba 2020, barabara ya Expressway ilipokuwa ikijengwa, ulikuwa uondolewe. Watu wakapiga kelele, ikatoka amri ya Rais uachwe. Nikikwama kwenye foleni pale hutazama chini yake, si juu. Jinsi shina linavyotanuka na kushika ardhi kama mguu wa tembo, hicho ndicho wapenzi wa bonsai hukitafuta kwanza, na Wajapani wana jina lake: nebari. Mti mdogo wenye mguu wa namna hiyo huonekana mzee hata ukiwa na miaka mitano. Usipokuwa nao, utaupogoa hadi uchoke na utabaki kijiti kwenye sahani.

Kuna waliokulia katika nyumba ambazo mugumo haukatwi. Shosho wangu, yaani nyanya, ni mmojawapo. Kwao mugumo ulikuwa mahali pa kuombea, na alipouona wangu barazani alinyamaza muda mrefu, akauliza, "Mahali pa Mungu umepaweka kwenye sahani?" Sikuwa na jibu. Akauzunguka, akaushika jani, akauliza kama utazaa. Nikamwambia huenda. "Basi usiukate nikiwa hapa," akasema, akaenda kukaa. Mpaka leo, akija kututembelea mkasi unakaa kabatini.

Ukienda kununua, nenda siku ya kazi asubuhi, wakati muuzaji ana nafasi nawe una subira. Ngong Road na Limuru Road zina wauza miche wa kutosha. Mbele wamepanga miche mirefu, iliyonyooka, inayong'aa. Ipite. Nenda nyuma kabisa, karibu na tangi la maji, kwenye mifuko ya nailoni iliyosahaulika miaka, ambayo mizizi imeshatoboa chini ikaingia ardhini. Chuchumaa. Majani usiyatazame, majani yatabadilika. Fukua udongo kwa kidole kuzunguka shina, kina cha pingili moja, uone mizizi inavyoanza: iwe imetawanyika pande zote, si mmoja umejisokota kumnyonga mwenzake. Shina liwe nene chini na jembamba juu, kama mkia wa ng'ombe ukiugeuza. Liwe na matawi ya chini. Likiwa limepinda, bora zaidi. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: ukikuta kijani, lipo hai. (Mtihani huo ungeniokolea miezi miwili ya maji.)

Unene nausisitiza kwa sababu moja. Shina hunenepa mti ukiwa ardhini au kwenye chombo kikubwa, ukikua bila kubanwa. Ukiuingiza kwenye kijungu cha bonsai, kasi hiyo inakatika. Mche wa unene wa penseli ndani ya kijungu kizuri utabaki penseli miaka mingi, na utaukatia tamaa kabla haujawa mti. Kwa hiyo shina unalinunua; matawi utayaotesha mwenyewe, na hapa Nairobi mugumo huchipua karibu mwaka mzima.

Mzee aliyeniuzia alijaribu kunizuia. "Kastoma, huo ni wa kutupa. Chukua huu umenyooka." Nikang'ang'ania. Akachukua panga, akakata mzizi ulioshika ardhi, akautoa. Bei ilikuwa shilingi 350, akanipunguzia hamsini kwa huruma.

Angalia usipewe benjamina, ile fikasi yenye majani madogo ya kuchongoka ambayo mara nyingi hukuzwa mashina yakiwa yamesukwa kama nywele. Si mti mbaya, ila una maringo: ukiuhamisha mahali unapukutisha majani, na tawi ukilikata bila kubakiza jani laweza kukauka lote. Mugumo ukiukata hadi kisiki, unachipua. Utomvu wake mweupe tu ndio adui, hautoki kwenye shati.

Kuna wanaopendekeza zeituni mwitu, mutamaiyu. Ni mti wa kifahari, lakini ni wa polepole, na anayeanza anahitaji kuona matokeo ya mkasi wake kabla hajasahau alikata nini. Kayaba, ule mti wa ua wenye miiba, ni wazo zuri kuliko watu wanavyodhani. Ukisikia jirani anang'oa ua wake wa zamani, omba visiki, vaa glavu. Waridi la jangwani sipendekezi, hasa kwa kuwa mengine huchimbwa porini kwenye maeneo makavu na kuletwa mjini. Na tafadhali, msitu wa Karura si nasari yako.

Udongo ndio uliowashinda wengi ninaowajua. Mimi naishi upande wa Embakasi, kwenye udongo mweusi ule unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Ndani ya chungu huo ni saruji. Mizizi inataka hewa kama inavyotaka maji. Wajapani hutumia udongo wao maalumu wa chembechembe, ghali sana kuagiza. Mimi naokota vipande vya matofali kwenye mjengo, navivunja, nachekecha, nabakiza chembe za milimita 3 hadi 6, vumbi natupa, naongeza mboji kidogo. Fundi wa pale anaamini nina matatizo fulani.

Kuhusu maji, vitabu husema kila siku. Kwetu mfereji hutoka siku mbili kwa wiki, kwa hiyo miti hupata maji niliyooshea mchele na sukuma, kamwe si ya sabuni. Lakini sinyweshi kwa ratiba. Naingiza kidole, pakiwa na unyevu, naondoka. Wanaoanza huua kwa upendo mwingi kuliko kwa kiu.

Na mwaka wa kwanza usitafute kijungu cha bonsai kabisa. Beseni la plastiki, mashimo yatoboe kwa msumari wa moto, panda, acha ukue. Kisha fanya jambo moja kwa wakati. Mti wangu wa tatu niliukata mizizi, nikaupogoa na kuufunga waya Jumamosi moja, kwa furaha tu ya kuwa na vifaa vipya. Ulininunia miezi sita.

Ule mugumo nimekaa nao miaka minne sasa. Mguu umeanza kutanuka, na upande mmoja umeteremsha mzizi wa hewani mwembamba kama uzi. Mwezi uliopita nilimpelekea yule mzee picha yake kwenye simu. Aliitazama, akaikuza kwa vidole, akaitazama tena. Juzi nimepita pale nikitafuta mwingine. Mifuko ya nyuma imehamia mbele kabisa, imefutwa vumbi, na kibao cha katoni kimeandikwa kwa makapeni: BONSAI 1,500. Nikamuuliza kama ile bei ya zamani bado ipo.

"Kastoma," akaniambia, "si ni wewe ulinifundisha?"